Kicheko cha Jaladani

Nathanaeli hakuwa na desturi ya kupiga simu asubuhi. Mhariri huyo wa jarida la *Lango*, aliyekaa ghorofa ya juu huko Dar es Salaam, alizoea kutuma ujumbe wa maneno machache, kama mtu anayewatupia kuku mtama. Kwa hiyo simu ilipolia Evelina akiwa nyuma ya nyumba ya mama yake pale Lushoto, mdomo umejaa povu la dawa ya meno, alijua kuna jambo.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mama. Sikiliza. Yule mwanamke wako amevuka bahari."

"Mwanamke gani?"

"Wa jaladani, anayecheka. Wajerumani wamemwona kwenye maonyesho na wamempenda. Ijumaa wanapanda huko Kwemvule. Kiwanda hawakitaki, takwimu hawazitaki. Wanamtaka yeye, akicheka. Tangulia ukamwandae."

Evelina akatema povu kwenye shina la mgomba, akabaki ameshika mswaki.

*Lango* lilikuwa jarida la serikali, lakini ungelitafuta Lushoto nzima, kuanzia sokoni hadi ofisi za wilaya, usingeliona. Halikuandikwa kwa ajili ya watu wa Lushoto, wala wa Tanga, wala wa mahali popote ambapo mtu angeweza kusoma habari zake mwenyewe akasema, "Hapana, haikuwa hivyo." Liliandikwa kwa ajili ya watu wa nje. Lilikaa kwenye meza za balozi, kwenye mifuko ya viti vya ndege, kwenye mabanda ya maonyesho ya biashara. Karatasi yake ilikuwa nzito, inateleza kama ngozi ya nyoka. Ndani yake nchi haikuwa na matope. Mito ilijaa, watoto wote walikuwa na viatu, na hakuna mtu aliyewahi kufa.

Evelina alikuwa mwandishi wake wa milima ya Usambara. Alikuwa na stashahada ya uandishi wa habari, na chuoni hakuna aliyemfikia kwa Kiswahili. Aliandika kwa Kiswahili, kisha huko Dar wengine wakakigeuza kuwa Kiingereza, Kijerumani na Kichina. Sentensi zake alizipanga kama mama yake alivyopanga karoti za kupeleka sokoni: safi, zimelingana, hazina udongo. Na kila mara alijifariji kwa neno lile lile. Nilichoandika mimi ni kweli. Wanachokifanya huko ni chao.

Picha ya jaladani ilipigwa msibani.

Masika yalikuwa yamekolea siku hiyo yeye na Yassin, mpiga picha wa jarida, walipopanda kwenye shamba la chai la Kwemvule, juu ya Bungu, kutafuta picha za mavuno. Walikuta chai imeachwa inarefuka na kiwanda kimenyamaza. Bomba la boila lilikuwa limepasuka, mvuke ukamchoma Zabron, mtu wa kuchochea moto. Zahanati ya shamba ilikuwa na kufuli tangu mganga wake ahame. Pikapu ya shamba ilikuwa imempeleka meneja Korogwe. Wenzake wakamlaza Zabron kwenye kitanda cha kamba, wakakibeba mabegani, wakateremka nacho kwenye utelezi. Kabla ya kufika Bungu akawaambia wamshushe apumzike kidogo. Wakamshusha. Akapumzika moja kwa moja.

Huku milimani mtu hapiti msiba kama anayepita duka. Evelina na Yassin wakakaa. Yassin alikaa na wanaume, Evelina akaenda jikoni kumenya viazi. Wanawake walikuwa wakinong'ona kwa hofu, kwa sababu mjane, Secilia, hakuwa ametoa chozi wala neno tangu maiti irudishwe. Alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anatazama ukuta kama mtu anayesubiri ukuta useme.

Kisha akatokea Alfred Gama.

Zabron alikuwa Mhehe, Alfred ni Mngoni wa Songea, na hilo halihitaji maelezo mengi: babu zao walichinjana, wajukuu wakabakiwa na kazi ya kutaniana. Kwenye shamba la chai, ambako watu wamekusanyika kutoka kila pembe na hakuna mwenye mjomba karibu, mtani ndiye ndugu wa msiba. Ndiye anayechimba kaburi. Ndiye anayeosha masufuria. Na mtani hana adabu: analolisema msibani halichukiwi, na atakayelichukia ndiye mwenye aibu.

Alfred alitoka chumbani amevaa koti la mvua la Zabron, lile la njano, na mabuti ya Zabron. Alitembea kama Zabron, bega moja chini. Alikohoa kama Zabron. Akasimama mbele ya jeneza, akalikagua.

"Nani kamlaza huyu kimya kimya hivi? Huu si usingizi wake. Zabron akilala hukoroma mpaka nyapara anadhani ni king'ora cha kiwanda."

Hakuna aliyecheka. Alfred akaenda mpaka kwenye kaburi alilolichimba mwenyewe, mjane na watu wakimfuata, akajitumbukiza, akalala chali, akainua kichwa.

"Refu mno hili. Huyu alikuwa mfupi. Au nafasi hii ya miguuni mmemwekea mbwa, Mhehe asife njaa njiani?"

Ndipo Secilia alipocheka. Alicheka kichwa kimerudi nyuma, meno yote nje, mikono kifuani, kicheko kilichotoka chini sana, na nyuma ya kicheko hicho kilio nacho kikapata njia. Lakini kabla kilio hakijafika Yassin alikuwa ameshabonyeza kamera.

Baada ya maziko Secilia alimshika Evelina mkono.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi andika kwamba mume wangu aliunguzwa na mvuke na zahanati ina kufuli. Mengine yote yaweke utakavyo."

"Nitaandika," Evelina alisema. Na aliandika. Hakuna aliyemlazimisha kuituma ile picha. Aliituma kwa sababu ilikuwa nzuri, na kwa sababu maelezo aliyoiandikia yalimpendeza. Aliyasoma kwa sauti kabla ya kuyatuma: *Secilia, mjane wa Zabron, akichekeshwa na mtani wa marehemu kando ya kaburi la mumewe aliyeunguzwa na mvuke.* Aliona hayana pa kukatwa.

Nathanaeli alipata pa kukata.

"Mama, umeandika mpaka nimesikia baridi," alimwambia siku ile kwenye simu. "Lakini huo utani nitamweleza nani? Nikimwambia Mzungu kwamba sisi tunacheka makaburini atatuona wendawazimu. Utani wetu hauna pasipoti."

"Basi picha msiitumie."

"Picha nzuri kama hii?"

Akayakata maelezo kama mtu anayepara samaki. Kwanza likaenda kaburi. Kisha marehemu na mvuke wake. Kisha mtani, kisha mjane. Akabaki Secilia, anacheka. Na kwa kuwa mtu hawezi kucheka bure, wakamwongezea chai: *Secilia, mchuma chai wa milima ya Usambara. Furaha katika kila jani.* Secilia, ambaye hakuwahi kuchuma jani hata moja maishani mwake. Alikuwa akipika maandazi pale kambini.

Nakala ilipofika Lushoto, mama yake Evelina, Bi. Tabitha, aliishika mbali na macho yake, akaitazama kwa muda mrefu. Alimjua yule mwanamke kwa kusimuliwa. Alipozungumza alizungumza Kishambaa, kama afanyavyo akiwa na jambo zito: "Umemtoa mtu matangani ukampeleka sokoni." Kisha akaenda kuosha karoti zake.

Tangu siku hiyo Evelina hakukanyaga tena Kwemvule.

Sasa, baada ya simu ile ya asubuhi, Yassin alimfuata na gari la ofisi, wakapita Soni na Bumbuli, barabara ikiwarusha huku na huku.

"Mimi nilibonyeza tu," Yassin alisema walipoanza kuiona chai.

"Na mimi niliandika tu."

"Sasa mbona unaniangalia hivyo?"

"Sijakuangalia, Yassin. Angalia barabara."

Kwemvule ilikuwa inapakwa chokaa. Mashina ya miti kando ya njia yalipakwa chokaa, mawe yalipakwa chokaa, na zahanati ilikuwa na rangi mbichi ya buluu. Kufuli lilikuwa limetolewa, dirishani limetundikwa pazia jeupe lenye maua. Evelina alichungulia. Ndani kulikuwa na benchi na popo mmoja mfu.

Meneja Jonas aliwapokea mlangoni pa ofisi yake, kofia yake ya kahawia yenye ukingo mpana mkononi. Alikuwa mtu wa huku huku milimani, mwenye sauti ya kwaya na tabasamu la harusini.

"Wageni wataiona zahanati kwa nje," alisema. "Ratiba imebana. Sasa, mama yetu. Nimeshazungumza naye, lakini ni vizuri asikie na kwa mwanamke mwenzake. Nyumba za kambi ni za wafanyakazi, unajua. Na mfanyakazi mwenyewe, Mungu ampumzishe, hayupo. Nilikuwa nimwambie ahame. Lakini sasa mama si mtu wetu tu, ni mtu wa taifa." Akacheka kidogo. "Akicheka vizuri Ijumaa, akae. Akae mpaka binti yake amalize kidato cha nne. Mimi si mtu mbaya."

"Na asipocheka?"

"Kwa nini asicheke? Si alicheka mume akiwa bado yuko juu ya ardhi?"

Evelina alitoka nje bila kuaga.

Nyumba ya Secilia ilikuwa ya mwisho kwenye safu ya kambi, chumba na ukumbi, jiko likiwa nje chini ya kipande cha bati. Koti la njano lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Tanga la msiba lilikuwa halijaondolewa bado. Walikuwa wakiwangoja wakubwa wa ukoo kutoka Iringa, na wakubwa walikuwa wakiingoja mvua ikatike.

"Hodi."

"Karibu, mwandishi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo kitandani kwa mwanangu Pendo, kiti kimevunjika."

Evelina akakaa. Ubavuni mwake, kwenye ufa wa ukuta wa tope, palikuwa pamebandikwa karatasi nzito kwa ugali. Ilimchukua muda kuitambua, kwa sababu upande wa picha ulikuwa umegeuziwa ukutani.

"Meneja aliniletea nakala yangu," Secilia alisema. "Nakushukuru. Karatasi imara hii. Upepo haupiti tena, mtoto analala."

"Mama, naomba unisamehe. Niliandika kama ulivyoniambia. Huko ndiko wali—"

"Msamaha wako ukae nao. Nyumba yenyewe ndogo, sina pa kuuweka."

Alisema bila hasira, huku akikanda unga. Vidole vyake viliendelea kufanya kazi kana kwamba si vyake.

"Ijumaa mimi ndiye nitakayetafsiri," Evelina alisema. Jambo hili alikuwa amelipanga tangu Soni. "Kiingereza ninacho. Nitawaambia wale wageni yote. Mvuke, kufuli, kitanda cha kamba. Nitawaambia wamekuja kumtazama mjane."

"Ukishawaambia?"

"Watajua."

"Watajua, halafu watapanda magari yao. Mimi nitapanda nini?"

Akaugeuza unga, akaukandamiza tena.

"Kwetu shamba wameshagawana mashemeji," Secilia akaendelea. "Pendo yuko kidato cha pili hapo Bungu, anakwenda kwa miguu, anarudi, anasoma. Nikitoka hapa, shule ndiyo basi. Kwa hiyo nitacheka. Meneja anadhani ananidhalilisha. Na ananidhalilisha kweli. Lakini nitacheka. Na wewe usiseme neno."

"Mama—"

"Ahadi ya kwanza ulinipa, ikaishia njiani. Hii ya pili nipe uitunze. Sema."

Evelina alitazama karatasi ukutani.

"Sitasema neno."

"Haya." Secilia akaufunika unga kwa kitambaa. "Lakini kicheko si mbuzi, hakiji kwa kuitwa. Kamwite Alfred."

Alfred alikuwa nyuma ya kiwanda akipasua kuni za boila. Kazi ya kuchochea sasa ilikuwa yake. Alisikiliza habari yote huku ameegemea shoka.

"Kwa hiyo serikali imeshindwa kumchekesha Mhehe, ikanikumbuka Mngoni."

"Ni meneja."

"Ni yule yule." Akafikiri. "Nitakuja na koti. Lakini meneja alisikie jambo hili mbele ya watu, asije akasema hakuambiwa. Tanga halijaondolewa. Koti la marehemu likivaliwa, pale ni msibani, hata kama kuna Wazungu na soda. Na msibani mtani hawekewi mipaka."

Wakaenda pamoja. Jonas alikuwa uwanjani akiwapanga wachuma chai kwa urefu, wote wamefungwa vilemba vipya vya kijani. Alfred alilirudia sharti lake neno kwa neno, na wachuma chai wakageuka kusikiliza.

"Avae hata gunia," Jonas alisema bila kumtazama, "mradi huyu mama acheke."

"Umesikika," alisema mmoja wa wanawake waliopangwa, na wengine wakaitikia chini chini. Jonas alizaliwa kwenye milima hii. Mazishi aliyoyahudhuria hayahesabiki. Alijua kabisa maana ya neno alilolikubali. Lakini macho yake siku hiyo yalikuwa kwenye vilemba.

Ijumaa mvua ilikatika, jua likatoka kana kwamba nalo lilikuwa limepangwa. Magari yakapanda yakinguruma. Nathanaeli alitangulia kushuka, amevaa suti na viatu vyeupe, akakanyaga tope la kwanza na kusahau salamu. Nyuma yake wakashuka wageni, wakiongozwa na mama mmoja mrefu mwenye nywele fupi za mvi. Alikuwa na *Lango* kwapani.

Walimsimamisha Secilia mbele ya chai, tenga la kuchumia limefungwa mgongoni mwake. Mama mwenye mvi akamkaribia, akalinyanyua jarida, akaliweka kando ya uso wa Secilia, akatazama huku, akatazama huku, kama mtu anayelinganisha kitambaa dukani. Secilia alimtazama tu. Wageni wengine wakainua simu zao. Wakangoja.

"Mama," Nathanaeli alisema kwa upole, meno yameshikana, "cheka kidogo basi."

Secilia hakucheka. Midomo yake ilifunguka, ikafungika. Jonas alikuwa akiigeuzageuza kofia mkononi.

Kikohozi cha Zabron kikasikika kutoka nyuma ya kiwanda.

Koti la njano likatokea, bega moja chini, mabuti yakiburuza. Wachuma chai wakaacha safu waliyopangwa bila kuambiwa na mtu, wakafanya duara, kama watu wanaojua wako wapi. Alfred akaingia katikati. Akachutama, akachochea moto usiokuwapo, akapangusa jasho. Kisha akatoa mlio kwa meno, mlio mrefu wa mvuke, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akazunguka, akazunguka, akaenda kujigonga kwenye mlango wa buluu.

"Hodi zahanati! Hodi!" Akasikiliza. Akalitazama dirisha. "Haa. Kumbe leo kuna pazia. Zabron, ndugu yangu, haraka yako ilikuwa ya nini? Ungesubiri ukafa Ijumaa hii, si ungekuta pazia?"

Kicheko kikapasuka kwenye duara. Wageni nao wakacheka, kwa sababu watu walikuwa wakicheka.

Alfred akajilaza chini, akanyanyua kidole.

"Nileteeni pikapu. Haipo? Imekwenda wapi? Korogwe? Kufanya nini? Meneja ananyoa ndevu?" Akaruka, akamwendea Jonas, akampokonya kofia mkononi kabla hajajua, akajivika yeye. "Meneja, mbona umesimama mbali? Njoo ubebe huku miguuni. Siku ile ulichelewa, leo umewahi. Au Mhehe mzito? Usiogope, tumemtoa mbwa wote tumboni."

Watu wote walimgeukia Jonas. Uso wake ulikuwa umeiva. Angeweza kukasirika, na angekuwa mtu wa kwanza katika milima ile kukasirikia mtani msibani, mbele ya watu wa kambi nzima, kwa sharti alilolikubali kwa mdomo wake. Akacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayetafuna kitu kichungu mbele ya mwenyeji wake.

Na Secilia akacheka. Kichwa kikarudi nyuma, meno yote yakawa nje, mikono ikaja kifuani. Kilikuwa kicheko kile kile. Simu za wageni zikamlenga zote kwa pamoja. Wakapiga makofi.

Mama mwenye mvi alikuwa na machozi ya furaha. Alisogea kwa Nathanaeli, akauliza kwa Kiingereza yule mwanamume anasema nini.

"Ni mchezo wa mavuno," Nathanaeli akajibu kwa Kiingereza chake cha ofisini. "Huchezwa kila mwaka. Wanaishukuru ardhi."

Yule mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasita. Macho yake yalikuwa yamefika nyuma ya duara, kwa wanawake wenye vilemba vya kijani. Baadhi yao walikuwa wakijifuta nyuso kwa ncha za kanga. Akageuka, akampita Nathanaeli, akamwendea Evelina.

"Na wale?" aliuliza. "Mbona wanalia?"

Maneno yalikuwepo. Evelina aliyasikia yakijipanga kinywani, mvuke, kufuli, kitanda cha kamba, Bungu, moja nyuma ya jingine, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hapakuwa na mtu wa kuyakata. Yule mama alikuwa amemwinamia, anangoja, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetaka kujua kweli.

Evelina alimtazama Secilia. Secilia alikuwa bado anacheka. Lakini macho yake hayakucheka. Yalikuwa wazi, makavu, yamemkazia yeye.

"Ni furaha," Evelina alisema. "Huku kwetu watu wakifurahi sana hulia."

Kiingereza chake kilitoka safi, kimelingana, hakina udongo. Yule mama akaweka mkono kifuani, akamshukuru.

Walipomaliza soda na kupigwa picha mbele ya pazia, magari yakaanza kuwashwa. Nathanaeli alimvuta Evelina kando. Alikuwa akitabasamu mpaka magego.

"Umeiva, mama. Nilikuwa na wasiwasi na wewe, sikufichi. Ile 'huku kwetu' uliyoisema, mimi nisingeiwaza. Mwezi ujao njoo Dar, nakuweka mhariri msaidizi. Kuna nyumba ya idara, ina maji. Na yule mwenye koti, Yassin amempiga picha?"

"Amempiga."

"Ndiye jalada lijalo. Fikiria maneno mafupi."

Magari yakateremka. Alfred alivua koti, akalikunja, akamrudishia Secilia kwa mikono miwili. Kuvua huko kukamrudisha kuwa mtu wa kawaida, mwenye haya. "Pole, shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha. Kofia ya meneja hakuirudisha. Kilichochukuliwa na mtani msibani hukombolewa, na Jonas hakutuma mtu kuikomboa; kesho yake waliokwenda kuchota maji waliikuta imevikwa msalaba wa Zabron.

Lakini Jonas alipita mlangoni kwa Secilia kabla jua halijazama, kichwa wazi, kusema neno lake. Nyumba ni yake mpaka binti amalize shule, kama alivyoahidi. Baada ya mvua za vuli kuna wageni wengine, hawa ni Wachina. Asiende mbali.

"Nitakuwepo," Secilia akamwambia.

Akabaki na Evelina mlangoni. Chai mbele yao ilikuwa kijani tupu, imelala mabondeni, nzuri kama ilivyokuwa jaladani.

"Ulimwambia nini yule mama?"

"Nilimwambia mnalia kwa furaha."

"Akaamini?"

"Aliamini."

"Vizuri." Secilia alilitundika koti kwenye msumari wake. "Na yule bosi wako mwenye viatu vyeupe, alikuwa anakupa nini pale kwenye gari?"

Evelina angeweza kumdanganya. Alishaona kwamba si kazi ngumu.

"Ananihamishia Dar. Nitakuwa mhariri."

"Na pa kulala?"

"Kuna nyumba ya idara."

Secilia alimgeukia. Hakukuwa na ukali usoni pake. Evelina angependa ukali.

"Hongera," alisema. "Basi wote wawili tumepata nyumba."

Kisha akamgeuzia mgongo, ambako tenga lilikuwa bado limefungwa tangu asubuhi.

"Hebu nifungulie hili, mikono haifiki. Sijui wenzangu wanalibebaje kutwa nzima."

Fundo lilikuwa limekazwa na mtu wa meneja, limelowa jasho. Evelina alilihangaikia kwa kucha, akalihangaikia kwa meno, na halikufunguka upesi.